Tsh: Herufi Tatu Katika Jedwali la Maji

Wiki ya tatu ya kozi, mwalimu alitupa jedwali lenye mistari 59,400 akatuambia tutabiri. Kozi ilikuwa ya uzamili, somo lenyewe modeli za utabiri, na darasani tulikuwa watu wa mataifa mengi. Mtanzania nilikuwa peke yangu, lakini jedwali lilikuwa la kwetu. Kila mstari ni kituo kimoja cha maji Tanzania: kisima, bomba la jumuiya, pampu ya mkono, tangi la maji ya mvua. Data zilitoka Wizara ya Maji kupitia mfumo wa Taarifa, zikawekwa kwenye shindano la wazi la DrivenData liitwalo Pump it Up: Data Mining the Water Table, ambalo limegeuka zoezi la darasani katika vyuo vingi duniani. Kazi ya mwanafunzi ni kusema, kwa kila kituo, kama kinafanya kazi, hakifanyi kazi, au kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo.

Mimi nilikuwa nimetokea kwenye fasihi. Shahada yangu ya kwanza ni ya Kiswahili, na huko nilifundishwa kusoma polepole: nani anasema, anasema na nani, kwa nini amechagua neno hili akaliacha lile, kwa nini mshororo umekatwa hapa. Kwenye kozi hii hatukuambiwa tusome. Tuliambiwa tusafishe, tujaze, tugawe, tufunze modeli, tupime. Nilizipenda kazi hizo na bado nazipenda. Hata hivyo, tangu nimalize masomo nimelirudia jedwali lile mara nyingi, nikilisoma kama ninavyosoma shairi, na ninaandika kwa sababu ya niliyoyakuta humo. Jedwali ni utungo. Lina msemaji, lina takriri, lina mahali pa kunyamaza. Anayelitabiria bila kulisoma anaweza kupata alama nzuri na huku amepotea kwenye safu ya kwanza kabisa.

Hata neno lenyewe linastahili kutazamwa. Jina la shindano linacheza na neno la Kiingereza ambalo lina maana ya jedwali na pia ya usawa wa maji yaliyo chini ya ardhi. Sisi hatuna mchezo huo, ila tuna wetu ambao tumeusahau. Jedwali tumelichukua kutoka Kiarabu, jadwal, na kwa Waarabu neno hilohilo ni kijito, mfereji mdogo wa maji. Kabla halijafika kwenye daftari la mwalimu wa hesabu, neno hili lilikuwa limekwisha kubeba maji.

Programu ya pandas, ambayo wengi wetu tuliitumia, ukiiagiza ikuonyeshe kichwa cha jedwali inakutolea mistari mitano. Kila mwanafunzi aliyewahi kulifungua jedwali hili ameiona mitano hiyohiyo. Katika ushairi wetu ubeti wa mishororo mitano ni takhmisa, na nitausoma kichwa hiki kama takhmisa moja. Kuna jambo jingine la umbo. Jedwali lina safu 40 na skrini haizitoshi, kwa hiyo kwa kawaida programu huonyesha safu kumi za mwanzo, ikaweka nukta tatu, kisha safu kumi za mwisho. Kila mstari unagawanyika vipande viwili kama mshororo wetu: upande huu ukwapi, upande ule utao, na katikati pumzi.

Mshororo wa kwanza unatupeleka Ludewa, kata ya Mundindi, tarehe 14 Machi 2011. Mkoa umeandikwa Iringa, na ndivyo ilivyokuwa siku ile, kwani Njombe ulikuwa bado haujawa mkoa. Maji ni ya chemchemi na yanateremka yenyewe kwenye bomba. Mahali pana kimo cha mita 1,390, watumiaji ni watu 109, ujenzi ni wa mwaka 1999. Mfadhili: Roman. Mjenzi: Roman. Mradi: Roman. Neno moja limerudi mara tatu, na si neno la ofisini. Ndivyo watu wanavyoliita Kanisa Katoliki wakiwa wanazungumza tu: zahanati ya Roman, shule ya Roman. Mwandishi wa data aliuliza, akajibiwa, akaandika alichosikia. Kwingine ndani ya jedwali shirika moja linaonekana DANIDA mstari huu na DANID mstari ule, na mjenzi mmoja ni Government hapa na Gover pale. Darasani tuliyaita hayo uchafu. Mimi sasa nayaona kuwa ni alama za mkono: hapa palisimama mtu mwenye kalamu, juani, amechoka, na ana vituo vingine vya kufikia kabla jua halijazama.

Ndani ya mshororo huohuo, safu ya kwanza baada ya namba ya utambulisho, imo ile iliyonisumbua kwa muhula mzima. Inaitwa amount_tsh. Kituo cha Ludewa kina 6,000.

Mtanzania akiona tsh atasoma shilingi. Sidhani kama kuna namna nyingine ya kusoma kwa mtu aliyekulia kwenye risiti na mabango ya bei. Lakini maelezo ya shindano yanasema kwamba herufi hizo ni ufupisho wa maneno ya kihandisi: jumla ya kimo cha maji yaliyotulia, yaani kiasi cha maji kinachopatikana kituoni. Nilimuuliza mwalimu. Alinijibu kwa upole kwamba maelezo ya safu ndiyo mamlaka, na kwamba kwa modeli jina la safu si kitu. Modeli inaona namba. Yote mawili ni kweli ndani ya kozi. Nikayafuata maelezo, na kwenye ripoti yangu ya kati nikaandika aya nzima kuhusu nguvu ya maji.

Sasa tusome. Kimo hupimwa kwa mita. Mita 6,000 za maji juu ya bomba la Mundindi zingedai chemchemi iliyo juu kuliko kilele cha Kibo, ambacho kina mita 5,895. Ludewa haina mlima wa namna hiyo, wala Afrika yote haina. Basi tuvuke nukta tatu, twende kwenye utao. Safu ya kwanza kabisa baada ya nukta ni ya namna ya malipo, na mstari wa Ludewa unasema wananchi hulipa kwa mwaka.

Teremka mshororo hadi mshororo ukiwa umeshika ncha hizo mbili. Wa kwanza: 6,000, hulipa kwa mwaka. Wa pili: 0, hawalipi. Wa tatu: 25, hulipa kwa ndoo. Wa nne: 0, hawalipi. Wa tano: 0, hawalipi. Kina cha kati na kina cha mwisho vinaitikiana mishororo yote mitano bila kukosea hata mara moja. Shilingi 25 kwa ndoo, shilingi 6,000 kwa mwaka ambazo ni 500 kwa mwezi: hizo ni bei ambazo mtu wa kijijini mwaka 2011 au 2013 asingeshangaa kuzisikia. Ukitoka kwenye kichwa ukaingia ndani ya jedwali, sifuri ndizo nyingi zaidi kwenye safu hiyo, na zinazofuata kwa wingi ni 500, 50, 1,000, 20 na 200. Kimo cha maji hakiji kwa namba za mviringo namna hiyo. Hizo ni namba za noti na sarafu, namba za mtu anayetoa chenji.

Hukumu yangu, kwa kuusoma utungo wenyewe, ni kwamba safu hii ni ya pesa. Herufi tatu zilizoandikwa na Mtanzania kwa ajili ya Watanzania zilisafiri, zikafika mikononi mwa msomaji ambaye kwake hazikuwa na maana, akazitafutia maana katika kamusi ya uhandisi, akaipata. Kosa la namna hii tunalijua sana kwenye fasihi. Mhariri wa muswada wa zamani anakutana na neno la Kiamu asilolijua, analisahihisha kwa neno analolijua, na vizazi vinavyofuata vinasoma sahihisho lake.

Kwa modeli hakuna kilichoharibika. Mwalimu alikuwa sahihi: namba ni ileile, alama ni ileile. Kilichoharibika ni maelezo. Katika jedwali hili, kati ya vituo ambavyo watu hawalipi, vinavyofanya kazi ni chini ya nusu; kati ya vile ambavyo hulipiwa kwa mwaka, ni zaidi ya theluthi mbili. Sisemi kwamba malipo yenyewe ndiyo yanayotoa maji. Huenda watu wanalipa kwa sababu maji yanatoka, na kituo kilichokauka hakuna anayekilipia. Lakini hilo ni swali la kuuliza: kijiji hiki kina mfuko wa maji? Bomba likipasuka, fundi analipwa na nani? Nilipoandika juu ya nguvu ya maji nilikuwa nimeligeuza swali la watu kuwa swali la mvutano wa dunia, na nilipewa alama nzuri.

Mshororo wa pili, wa Natta wilayani Serengeti, naupita, na wa tatu vilevile. Wa nne siwezi kuupita. Mahali ni Nanyumbu, mkoani Mtwara, kitongoji cha Mahakamani, tarehe 28 Januari 2013. Jina la kituo: Zahanati Ya Nanyumbu. Kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, pampu ya kuzamishwa, mwaka 1986. Hawalipi. Kiasi cha maji: kikavu. Hali: hakifanyi kazi. Januari ni msimu wa mvua kusini, na kisima cha zahanati kilikuwa kikavu.

Modeli ilikibashiri kituo hiki bila kutoa jasho. Katika jedwali lote vituo vilivyoandikwa kuwa vikavu ni 6,246, na zaidi ya tisini na tano kati ya kila mia havifanyi kazi. Modeli yoyote hugundua hilo dakika ya kwanza na kulitumia hadi mwisho. Tukilitazama kwa jicho la uhakiki, hii ni takriri: kisima kisicho na maji hakitoi maji. Safu ya kiasi na safu ya hali zimesema jambo moja kwa maneno mawili, na mtu mmoja ndiye aliyeyaandika yote mawili, siku moja, amesimama palepale. Darasani tuliita utabiri. Lakini utabiri ni wa -ta-, na jedwali hili lote ni la -na- na -me-: kinatoa, hakitoi, kimekauka. Tulichokuwa tukifanya ni kuficha neno moja la sentensi iliyokwisha kusemwa na kumtaka msomaji alijaze. Ni ufundi, tena una faida pale ambapo mkaguzi hajafika. Ila haujamwambia mganga wa Nanyumbu lolote kuhusu mwaka unaokuja.

Mshororo wa tano uko Karagwe, shuleni, maji ya mvua, 13 Julai 2011. Hapa ndipo utungo unaponyamaza. Kimo cha mahali: 0. Idadi ya watu: 0. Mwaka wa ujenzi: 0. Ukizisoma kama namba, Karagwe iko usawa wa bahari kama Forodhani, wakati Ziwa Victoria lenyewe, ambalo Karagwe iko magharibi yake, lina mita zaidi ya 1,100. Shule haina mtu. Tangi lilijengwa kabla ya tarehe zote. Sifuri hapa ni kimya kilichovalishwa nguo za namba, na jedwali limejaa kimya hicho. Mistari 20,709 haina mwaka wa ujenzi. Mistari 1,812 ina longitudo sifuri, na ukiichora kwenye ramani, vituo vya Mwanza na Shinyanga vinaelea kwenye Atlantiki, ng'ambo ya pili ya bara. Siku ya kwanza nilipoomba wastani wa mwaka wa ujenzi, kompyuta ilinipa 1300 na ushei. Kilwa ya masultani, kabla Ibn Battuta hajaitembelea.

Tulifundishwa kuziba nafasi hizo kwa wastani au kwa namba ya katikati. Inaruhusiwa, na mara nyingine haiepukiki. Mhakiki, hata hivyo, huuliza kwanza kimya ni cha nani. Mwaka wa ujenzi unakosekana pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuukumbuka, wala faili wilayani, wala jiwe la uzinduzi. Idadi ya watu inakosekana pale ambapo hakuna aliyehesabu. Nilipozijaza nafasi hizo kwa wastani niliwawekea watu maneno mdomoni, na hakuna safu niliyoiongeza kusema kwamba maneno hayo ni yangu.

Mstari huo wa Karagwe una jambo la sarufi pia. Kiasi cha maji kimeandikwa kuwa ni cha msimu, na hali kuwa kinafanya kazi. Mwananchi angesema maji hutoka, kwa hu- ya mazoea: hutoka mvua ikinyesha. Fomu haikuwa na hu-. Ilikuwa na kinafanya na hakifanyi, na Julai, katikati ya kiangazi, mtu alichagua kinafanya.

Nimeiacha hadi sasa safu ninayoipenda kuliko zote, ya jina la kituo. Imeandikwa wpt_name, na ina majina tofauti zaidi ya 37,000. Ndiyo safu niliyoifuta mapema kuliko nyingine, kwa amri moja, kwa sababu modeli haiwezi kubeba aina nyingi hivyo, na kila mwongozo niliousoma ulishauri vivyo hivyo. Isome kwa sauti: Shuleni. Zahanati. Msikitini. Kanisani. Sokoni. Ofisini. Bombani. Shuleni peke yake imerudi mara 1,748. Angalia kile kiambishi -ni. Haya mengi si majina, ni majibu. Mtu aliuliza maji mnachota wapi, na mwenye ndoo akajibu: shuleni, msikitini, kwa fulani. Maana yapo pia maelfu ya vituo vinavyoanza na Kwa, likafuata jina la jirani. Bomba limesimama karibu na ukuta wake, na kijiji kizima kimempa liwe lake. Katika safu zote 40, nyingi zikiwa na maneno ya Kiingereza, hii ndiyo safu ambamo anayechota maji anasema kwa lugha yake. Na kituo cha Ludewa, chenye Roman mara tatu, mahali pa jina kimeandikiwa kwamba hakina.

Mtu wa hesabu ataniuliza jina linasaidia nini. Linasaidia kujua jirani wa bomba ni nani. Bomba lililo Sokoni lina watu wa kulifunga usiku na wa kupiga kelele likivuja. Lililo Zahanati likikauka, mama aliyetoka kujifungua anangoja mtu aende na ndoo. Hilo haliko kwenye safu nyingine yoyote.

Umbo la mwisho ni la matokeo. Kozi hufungwa kwa jedwali dogo la tatu kwa tatu, linaloonyesha ulivyobashiri na ilivyokuwa. Mwalimu alitupa makala ya Leo Breiman, mtakwimu wa Berkeley, ya mwaka 2001, kuhusu tamaduni mbili za takwimu: moja inajali maumbile yaliyozaa data, nyingine inajali ubashiri utoke sahihi. Mwaka huohuo Breiman alitoa njia ya misitu ya nasibu, ambamo mamia ya miti ya maamuzi hupiga kura, na ndiyo tuliyoitumia. Shindano linapima kwa kipimo kimoja: sehemu ya vituo ulivyobashiri sawasawa. Vinavyofanya kazi ni 32,259, visivyofanya ni 22,824, vinavyofanya kazi lakini vinahitaji matengenezo ni 4,317. Anayesema vyote vinafanya kazi, bila modeli, tayari ana asilimia 54. Washindani bora wamefika kwenye 82 au 83.

Kundi la tatu ni asilimia 7 tu. Modeli ikilisahau kabisa, kipimo hakisikii maumivu, na modeli yangu karibu ililisahau: ilikitambua kituo kimoja kati ya vitatu. Vilivyobaki ilivimwaga kwenye vile vinavyofanya kazi. Lakini hicho ndicho kituo ambacho mhandisi wa maji wa wilaya angependa kukijua kuliko vyote, pampu inayotoa kwa kusuasua, ambayo kipuri kimoja mwezi huu kitaiokoa na mwezi ujao hakitatosha. Kilichokufa kinajulikana na kila mtu kijijini. Kizima hakihitaji safari. Hiki cha katikati, chenye lakini ndani ya jina lake, ndicho pekee ambacho utabiri ungekifaa, na ndicho ambacho umbo la kipimo limekiona hakina thamani. Katika Kiswahili sentensi yenye lakini uzito wake uko baada ya lakini. Kipimo kilisoma nusu ya kwanza kikaondoka.

Kozi hii sasa inafundishwa kwetu pia, na jedwali hili linaingia madarasani Dar es Salaam na Nairobi kwa sababu ni la bure na ni la karibu. Ninayemwomba ni mwalimu. Siku ya kwanza, kabla ya kusafisha chochote, wape wanafunzi mistari mitano ya kichwa, kila mmoja asome mstari mmoja kwa sauti, jina la kituo likiwemo. Waulize tsh ni nini. Usiwaonyeshe maelezo ya safu mpaka wamekujibu.